Sakafu ya mbao ngumu: namba iliniponza

Sakafu yangu ya kwanza niliichagua kwa namba. Muuzaji alinionyesha jedwali la Janka, yaani kipimo cha nguvu inayotakiwa kuzamisha nusu ya gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 ndani ya mbao. Mwaloni mwekundu unapata kama pauni 1290 za nguvu, mwaloni mweupe 1360, jatoba, mti wa Amerika ya Kati na Kusini, 2350. Nina watoto watatu, mbwa mmoja, na viti vinavyoburutwa kutwa nzima. Nikachukua jatoba, rangi iliyokolea, vanishi inang'aa kama kioo.

Kwa kubonyea sina la kulalamika. Nyundo iliwahi kunidondoka ikatua kwa kichwa. Nilipopapasa sikupata hata kishimo.

Ila hata miezi miwili haijaisha, jua la asubuhi likipiga sakafuni unaona mistari myeupe chungu nzima, kutoka mezani hadi mlango wa nyuma, njia ile ile ya mbwa. Nikamwita fundi nikiwa nimefura. Akachuchumaa, akapitisha ukucha juu ya mstari mmoja. Ukucha haukukwama popote. "Mti haujaguswa huu," akasema. "Kilichokwaruzika ni vanishi."

Kumbe ugumu wa mti unazuia vishimo tu. Mikwaruzo ni habari ya kile kilichopakwa juu, na rangi nyeusi yenye mng'ao haifichi kitu, hata vumbi la jana.

Basi tupige msasa, nikasema. Fundi akaniuliza tabaka la juu lina unene gani. Mbao zangu ni za tabaka: juu jatoba ya milimita 2, chini plaiwudi. Kupiga msasa kwa mashine kunakula nusu milimita hadi milimita nzima, kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja, labda. Na unene huo uliandikwa kwenye boksi siku zote.

Sebuleni na kwenye korido nimeweka upya: mwaloni mweupe, wa tabaka pia, lakini juu milimita 6, umesuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa mafuta yasiyong'aa. Huu mwaka wa tatu. Mikwaruzo ipo, ila inapotelea kwenye mistari ya mti wenyewe, huioni mpaka uinamie. Pakichakaa mahali, napasugua kidogo na kupaka mafuta hapo hapo bila kugusa chumba kizima. Kwa vanishi hilo ni gumu, kiraka kinajionyesha. Gharama yake ni kwamba mafuta yanataka kurudiwa. Koridoni mimi narudia kila mwaka. Kama hupendi kazi hiyo, chukua vanishi isiyong'aa.

Maji ndiyo yaliyonishika. Mwaloni mweupe una vinyweleo vilivyoziba, ndiyo maana hutengenezewa mapipa ya mvinyo, nami nikajiona salama. Niliweka chungu cha maua juu ya kigoda cha chuma, maji yakawa yanadondoka taratibu. Nilipokisogeza nilikuta duara jeusi tii. Tanini ya mwaloni, kemikali ya asili iliyo ndani ya mti, ikikutana na chuma na maji, inageuka kama wino. Jatoba iliyo jikoni haijawahi kunifanyia hivyo, lakini nayo sijaijaribu kwa chuma.

Kuhusu uwekaji, fundi wangu alikataa kuanza kabla ya kupima unyevu wa zege na wa mbao, na akaacha nafasi ya milimita 12 kando ya kuta ili mbao zipate pa kutanukia. Nilinung'unika nikidhani anavuta siku. Msimu wa mvua ulipofika hakuna ubao ulionyanyuka.

Viti navivisha vipande vya felti na kuvibadilisha mara kwa mara, maana vikishanasa mchanga vinageuka msasa. Kufuta ni kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mashine ya kusafishia kwa mvuke siingizi ndani. Duara jeusi bado lipo, nimelifunika na kapu la viatu.