Dodoso la BRIEF-2 kwa kijana aliyeumia ubongo: linaona nini, linakosea wapi

Kijana aliyeumia kichwa anaweza kukaa na mwanasaikolojia saa mbili, akafaulu vipimo vya akili, kisha jioni akavunja vyombo kwa sababu amenyimwa simu. Vipimo havikusema uongo. Chumba kilikuwa kimya, kazi ilikuja moja moja, na mpimaji ndiye aliyempangia cha kufanya, kazi ambayo sehemu ya mbele ya ubongo wake ilipaswa kuifanya yenyewe. BRIEF-2, dodoso lililotoka mwaka 2015 kwa umri wa miaka 5 hadi 18, linaziba pengo hilo kwa kuwauliza wanaoshinda naye jinsi anavyojizuia, anavyoanza na anavyopanga mambo ya kila siku. Kwa kazi hiyo tunalipendekeza bila kusita, ila lina mitego ambayo mtumiaji asipoijua atapotosha familia nzima.

Mzazi ana fomu ya maswali 63, mwalimu vilevile, na kijana wa miaka 11 na kuendelea ana yake ya maswali 55. Hujibiwa kwa kamwe, mara nyingine au mara nyingi, na dakika kama 10 zinatosha. Alama hulinganishwa na za wenzake wa umri na jinsia ile ile: 50 ni wastani, 65 inatia wasiwasi, 70 na zaidi ni tatizo la wazi; alama ikipanda, shida imezidi. Ulinganisho huo ndio nguvu yake. Sehemu ya mbele ya ubongo hukomaa mwisho kabisa, hadi miaka ya ishirini na kitu; nyuzi zake bado zinavishwa ala ya mafuta na viungio vya seli visivyotumika vinapogolewa, ilhali mifumo ya hisia na raha imekwisha kuchangamshwa na balehe. Kila kijana wa miaka 14 ana pupa kiasi fulani. Alama 57 kwenye kujizuia ni ujana, msiisingizie ajali.

Usiishie kwenye jumla. Kijana anaweza kupata 60 kwa jumla huku kujizuia kukiwa 74 na kutunza vifaa 45. Fomu ya mzazi ina mafungu tisa ya namna hiyo, kila moja na alama yake, na hapo ndipo jeraha huonekana. Kichwa kikigongwa, ubongo husugua sakafu ya fuvu juu ya macho, ambayo ina matuta makali; sehemu ya chini ya mbele ikichubuka hapo, kinachopotea ni breki: matusi, hasira za ghafla, kugusa watu ovyo. Jeraha likiwa upande wa ndani, katikati, kijana hunyamaza, hakai na wenzake, hasogei mpaka asukumwe. Huyu ndiye anayeitwa mvivu, na ndiye anayeumizwa zaidi na adhabu. Kwa bahati mbaya fungu la kuanzisha jambo halimo kwenye fomu ya kijana mwenyewe, kwa hiyo ukimpa yeye peke yake utalikosa.

Hata kwa mafungu yaliyomo, fomu ya kijana isisomwe peke yake. Jeraha la sehemu ya mbele mara nyingi huondoa uwezo wa kujiona, naye hujibu kwa unyofu kabisa kwamba hana shida. Pengo kati ya alama yake na ya mzazi ni habari muhimu kuliko alama yenyewe.

Mtego mkubwa ni muda. Dodoso linauliza kuhusu miezi 6 iliyopita. Ajali ikiwa na wiki 7, mzazi atachanganya kijana wa kabla na wa baada, na alama zitatoka za katikati, zisizomhusu yeyote kati yao. Toa fomu mbili: moja ijazwe mapema kuhusu miezi ya kabla ya ajali, nyingine miezi 6 baada yake. Wazazi huwa wanamkumbuka mtoto wa zamani kuwa mpole kuliko alivyokuwa, hivyo tafuta pia mwalimu aliyemfundisha kabla ya kuumia.

Viwango vyake vilipimwa kwa watoto wa Marekani. Ukitafsiri maswali mwenyewe, ile 65 hupoteza uzito wake. Tumia majibu kama mwongozo wa mazungumzo, usiandike namba kwenye ripoti. Pia dodoso halijui sababu. Usingizi mbovu, sonona na maumivu ya kichwa ya kila siku hupandisha alama zile zile, na vyote hufuata jeraha. Uliza kuhusu hivyo kwanza, maana vinatibika.

Matokeo yanatumika hivi: alama ya kumbukumbu ya kazi (kushika jambo akilini huku akilitumia) ikiwa juu, toa agizo moja kwa wakati na uliandike; ya kubadili mwelekeo ikiwa juu, mwonye dakika chache kabla ya kila badiliko; ya kuanzisha jambo ikiwa juu, fanya naye hatua ya kwanza.

Rudia kipimo baada ya mwaka, na tena anapoingia ngazi mpya ya shule. Aliyeumia akiwa na miaka 9 anaweza kuonekana mzima, kisha akavurugika akiwa na 13, pale walimu wanapokuwa wengi na kazi zinahitaji kupangwa, kwa kuwa eneo lililoumia lilikuwa bado halijaanza kudaiwa kazi hiyo. Ajaze mtu yule yule aliyejaza mwanzo. Mjazaji akibadilika, tofauti ya alama haitaeleweka.