Kamusi ya Kiswahili Sanifu mikononi mwa msomaji mwenye usonji

Nina usonji (kwa Kiingereza autism), na tangu utotoni wenzangu wakikimbilia mpira mimi nilikimbilia maneno. Kwa hiyo ninaipima Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwa jicho la mtu anayeisoma ukurasa kwa ukurasa kuanzia A, wala si la anayetafuta neno moja na kuirudisha rafuni. Ilitayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1981. Nakala yangu ni ya toleo la pili, la mwaka 2004.

Uzuri wake ni kwamba haimwachi msomaji akisie. Ukifungua "kaa", utakuta maneno yenye sura moja yametengwa kwa tarakimu ndogo: kaa wa pwani anayekwenda upandeupande ana ngeli yake ya a-/wa-, kaa la moto lina li-/ya-, na kaa la kuketi ni kitenzi chenye minyambuliko yake. Ile alama ya wimbi inayosimama badala ya neno huwachosha wengi. Mimi hunituliza kama mvua juu ya bati.

Nilipokuwa darasa la tatu nilitakiwa kughani shairi mbele ya shule nzima, na mama akaniambia nipige moyo konde. Nilikunja ngumi nikajipiga kifuani mara tatu, shule ikaangua kicheko. Sikuwa wa kwanza. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, akiandika huko Marekani juu ya watoto 11 wenye usonji, alimtaja mvulana ambaye, baba yake alipozungumzia picha za ukutani, alimsahihisha kwamba zipo karibu na ukuta, kwa kuwa kihusishi cha Kiingereza "on" alichokitumia baba kilikuwa kwake na maana moja tu ya "juu ya". (Kiswahili kingempunguzia taabu, maana picha iko ukutani na msumari umo ukutani.)

Hapo kwenye misemo ndipo ninapoidai kamusi hii zaidi. Msemo umewekwa ndani ya kidahizo, yaani chini ya neno kuu linaloelezwa, na anayeutafuta hana budi kukisia kama aanzie "piga", "moyo" au "konde". Akiupata, anaelezwa kwa maneno machache kwamba ni kujipa ujasiri; haelezwi nani humwambia nani, wala kama kijana anaweza kumwambia hivyo mjomba wake aliyefiwa. Msomaji mwingine huyajua hayo bila kufundishwa. Mimi nimeyaandika kwa penseli pembezoni, kila nilipomsikia mtu akitumia msemo: nani alisema, kwa nani, na aliyeambiwa alijibu nini. Kwenye "piga" pembezo zimekwisha kujaa, na sasa ninabandika vipande vya karatasi.