Bima ndogo au bima kubwa? Sikiliza hii kabla hujalipia gari yako

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nachambua bima za gari za hapa kwetu Tanzania, maana meseji mnazonitumia nyingi ni zilezile, "nimepata ajali, bima ninayo, mbona kampuni hawataki kunitengenezea gari?" Nikiuliza bima gani, naambiwa ile ya laki na kumi na nane.

Jamani, hiyo ni bima ndogo, thedi pati. Ndo kiwango cha chini ambacho sheria inakutaka uwe nacho ili gari iingie barabarani, na kwa gari binafsi imezoeleka ni laki moja, ukiweka na VAT inafika 118,000. Sasa hii inamlipa yule uliyemgonga, bodaboda aliyevunjika mguu, mama aliyekuwa anavuka pale zebra, bampa ya mwenzio. Wewe boneti yako ikunje, taa zipasuke, rejeta itoboke, hiyo utajijua na fundi wako. Na kama wewe ndo umegongwa basi unadai kwa bima ya aliyekugonga, ndo maana msikubali kuelewana pale barabarani halafu mtu anaondoka, piga picha gari zikiwa palepale, chukua namba yake na bima yake, subiri trafiki apime, maana bila ripoti ya polisi hata dai lako halitasogea.

Kuna ya katikati, thedi pati pamoja na moto na wizi, mawakala wengi hawaitaji mpaka uulize. Gari ikiibiwa au ikiungua unalipwa, ukigonga ukuta hulipwi. Mimi naiona inamfaa mtu mwenye gari ya zamani kidogo inayolala nje, basi. Ila ujue ni wizi wa gari, mtu akikung'olea saiti mira usiku usiende na hiyo ukategemea kitu.

Haya, bima kubwa, komprehensivu. Hapa nataka tukae kidogo. Hii inalipa uliyemgonga na inalipa na gari yako pia, ajali, moto, wizi. Kwa gari binafsi bei huwa inaanzia kama asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kwahiyo gari ya milioni 20 ni laki saba kabla ya VAT. Na hapa ndo watu wanapoumia, kwasababu wakala anakwambia "tuandike milioni 10 ilipie nafuu" na wewe unafurahi umeokoa laki tatu na nusu. Chukua IST yako ya milioni 20 umeiandikisha 10, ukagonga pale Mwenge, asesa, yule anayepima hasara, akaja akasema matengenezo ni milioni 4. Kampuni itasema umekatia nusu ya gari basi tunalipa nusu, yaani milioni 2, halafu hapohapo wanatoa na ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kwenye kila dai. Unabaki unatafuta zaidi ya milioni 2 na bima kubwa unayo! Kuandika thamani kubwa kuliko ya gari nayo haikusaidii, gari ikiibiwa unalipwa bei ya soko ya siku hiyo. Andika bei ya ukweli, na ukihuisha mwaka unaofuata irekebishe maana gari inashuka thamani.

Ekses yenyewe uliza kabla hujatoa hela. Mara nyingi ni asilimia fulani ya dai ila kuna kiwango cha chini, kwahiyo mikwaruzo midogo unaweza kukuta ekses ni kubwa kuliko gharama ya fundi. Uliza na mafuriko, kwa Dar hii mvua ikinyesha kila mtu anajua Jangwani panakuwaje, usikubali kuambiwa kwa mdomo "ipo tu", waambie wakuonyeshe ilipoandikwa. Na kioo cha mbele huwa kina kikomo chake cha malipo.

Sasa nyie mnaofanya Bolt na Uber, nawaomba sana. Gari ikikatiwa bima ya matumizi binafsi halafu ajali ikatokea una abiria wa kulipia, kampuni ina haki ya kukataa dai, hata kama ni bima kubwa. Kata ya biashara, ni ghali ndio, lakini hiyo gari ndo inalisha familia. Kukataliwa kupo pia kwa dereva aliyelewa au asiye na leseni.

Ukishalipa, ingia mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, weka namba ya gari yako uone kama inasoma na ni aina gani, stika za karatasi zilishaisha. Isiposoma mrudie wakala siku hiyohiyo. Kampuni ikikuzungusha kwenye dai peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi ipo kwa ajili yetu.

Wanaovuka mpaka kwenda Kenya au Zambia bima yenu ya hapa haitoshi, ombeni Yellow Card ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvukia mpaka, kwa kampuni yenu kabla ya safari. Niandikieni kwenye komenti gari yako ni aina gani, ya mwaka gani na unaitumiaje, nitapitia nikwambie ningekata ipi.