TAHADHARI: Pemiti feki za gorila Bwindi, soma kabla hujatuma hela

Jamani wapenzi wa kupiga picha wanyama, hasa mnaojipanga kwenda hifadhi ya Bwindi kule Uganda kuona gorila wa milimani, naomba mnisikilize. Mimi nimeshalizwa, hela imeenda na safari ikaniishia getini.

Jamaa nilimpata mtandaoni, anaposti picha kali za gorila, nikamcheki WhatsApp akajibu fasta, akasema pemiti, yaani vibali vya kwenda kuona gorila, za tarehe niliyotaka zimeisha ila yeye ana nafasi moja imebaki eneo la Rushaga kwa bei ya Waafrika Mashariki, shilingi 300,000 za Uganda, nitume leo leo maana kuna mtu anaisubiri. Nikatuma kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na hapo ndipo nilipokosea. Baada ya saa moja akanirushia pemiti, ina jina langu, tarehe, kila kitu. Sikuikuza. Ningeikuza ningeona herufi za jina langu ni nene kuliko maandishi mengine na tarehe imekaa juu ya mstari kidogo, yaani ni pemiti ya mtu mwingine imefutwa ikaandikwa upya.

Asubuhi yenyewe niko pale na begi la kamera mgongoni, suruali nimeichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, askari wa hifadhi anapitisha kidole kwenye orodha, akarudia tena toka juu, halafu akaniambia kwa upole kabisa jina lako halipo. Nikampigia jamaa, simu imezimwa mpaka leo.

Sasa shikeni haya. Pemiti inatolewa na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda (UWA), inakuwa ya jina moja, siku moja, eneo moja. Bwindi ina maeneo manne, Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, ukiuziwa ya Rushaga na loji umelipia Buhoma umeumia, barabara zile za milimani zinakula masaa. Familia moja ya gorila inatembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa hiyo anayekwambia atakuchomeka uwe wa tisa ni muongo. Ukiwafikia unakaa nao saa 1 tu. Masaa 4 yapo, ila hiyo ni programu nyingine ya kuwazoesha gorila na watu, inafanyika Rushaga na bei yake iko juu sana. Halafu bei yetu ya Afrika Mashariki inaendana na kitambulisho chako, mgeni kutoka nje ya Afrika analipa dola 800, akija mtu anamuuzia rafiki yako Mzungu kwa laki tatu ujue hapo hamna kitu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliniahidi mwongozaji wake atanisogeza mpaka mita mbili nipate sura vizuri, na flashi nitatumia. Mimi nilifurahi! Flashi hairuhusiwi kabisa, msitu ule una giza kweli lakini unapandisha ISO (kamera inanasa mwanga zaidi) na kubeba lensi inayoingiza mwanga mwingi, basi. Na umbali umewekwa kwa sababu gorila wanaambukizwa mafua yetu, ndiyo maana ukiwa unaumwa hupelekwi kwao. Sensa ya 2018 ilihesabu 459 tu Bwindi na msitu jirani wa Sarambwe, ukijumlisha na wale waliohesabiwa milima ya Virunga walifika 1,063 dunia nzima. Mtu anayeuza mita mbili anauza uhai wa hawa wanyama.

Kabla hujalipa chochote wasiliana na UWA wenyewe, kampuni unayoitumia iulizie kama wanaijua, na ukitumiwa pemiti wape namba yake wakusomee jina lililopo kwao. Kama umeshalipa na safari bado, fanya hivyo leo. Skrinshoti zangu zote nimezipeleka polisi, mliolizwa kwa staili hii njooni inboksi tuunganishe malalamiko.