Mafunzo ya kuchonga silinda hedi katika gereji moja ya Chikongola, Mtwara

Kwa anayependa injini kama burudani yake ya mwisho wa wiki, gereji hii iliyopo Chikongola ni ya kupendekezwa, kwa sababu fundi wake hufundisha kwa subira na humwanzisha mwanafunzi kwenye hedi chakavu ya pikipiki (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu na njia za hewa zinazochongwa), ambayo hata ikiharibika haimtii mtu hasara. Jambo analolisisitiza kuliko yote, nami naliona kuwa ndilo kiini cha kazi yenyewe, ni kwamba kupanua njia ya hewa kupita kiasi hupunguza kasi ya hewa na kuifanya injini iwe nzito katika mizunguko ya chini. Ndiyo maana mwanafunzi huondoa kwanza matuta madogo yaliyoachwa na kalibu hedi ilipomiminwa, chini ya siti ya valvu (pete ambayo valvu huikalia inapofunga), huku siti yenyewe ikifunikwa kwa valvu ya zamani isikwaruzwe. Meno ya kisagio, yaani mashine ya mkono ya kuchongea, hupakwa nta ya mshumaa ili alumini isinase, na njia humaliziwa kwa msasa namba 80, bila kung'arishwa. Vumbi ni jingi mno, lakini gereji haitoi miwani wala barakoa, kasoro inayopaswa kurekebishwa haraka.