Kaunta buku kwaya 2: kwa kupangia kazi ofisini sijaona apu ya kuishinda

Wadau, leo nataka kuizungumzia kaunta buku, hii hii ya kava gumu yenye kitambaa chekundu mgongoni, ambayo mangi anaandikia madeni ya mtaa na mlinzi getini anakuandikisha jina na saa uliyoingia. Mi nipo kitengo cha manunuzi na ndo naitumia kupangia kazi zangu zote. Watu wanaandika rivyuu ndefu za simu mpya ila hii kitu imetulia tu kwenye shelfu la steshenari, hakuna anayeisemea, na aisee inastahili.

Tuanze na saizi maana ukifika dukani utaulizwa "kwaya ngapi?" na wengi tunajibu kwa kukadiria unene. Kwaya moja ni karatasi kubwa 24 zikikunjwa katikati, unapata majani 48, yaani kurasa 96. Kwa hiyo kwaya 2 ni kurasa 192 na kwaya 3 ni 288. Kwaya 3 ni nzito, ukiiweka begi moja na laptopu halafu usimame kwenye daladala bega linaisoma namba. Kwaya 2 inatosha kabisa, ukitumia ukurasa mmoja kwa siku ya kazi unakaa nayo karibu miezi 9.

Sasa matumizi. Asubuhi kabla sijawasha data wala kufungua laptopu naandika tarehe juu, halafu kazi tatu tu za maana za siku hiyo, napiga mstari, na chini ya mstari ndo panaingia vurugu zote zinazokuja zenyewe, nani kapiga simu, nani kaahidi mzigo lini, bei nilizotajiwa na masapulaya. Kazi ikiisha naikata. Isipoisha kesho yake naihamishia ukurasa mpya kwa mkono na hapo ndo utamu wote ulipo. Kwenye apu nyingi nilizowahi kutumia kazi usiyoimaliza inajisogeza yenyewe usiku, haikugharimu kitu, inaweza kukaa humo mwaka mzima. Lakini jaribu kuandika kwa mkono "fuatilia profoma za matairi" Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Alhamisi unaiandika tena, inauma yaani, lazima ujiulize hivi hii kazi ni yangu kweli, kuna mtu natakiwa kumpigia sasa hivi tuimalize, au nimwambie tu bosi mwezi huu haiwezekani nijue moja. Mimi kazi nyingi zimekufa hapo hapo kwenye kalamu na hakuna aliyewahi kuja kuziulizia.

Ryder Carroll, yule aliyebuni mfumo wa bullet journal, yaani kupangia kazi kwenye daftari kwa vipointi vifupi vya mkono, akauweka hadharani 2013, sehemu kubwa ya mfumo wake ni hii hii ya kuhamisha kazi kwa mkono. Kuna watu wanaagiza madaftari ya bei mbaya toka nje kwa ajili hiyo, ila kaunta buku inafanya yote, namba za kurasa unaziandika mwenyewe kwenye kona basi.

Kitu kingine ni kwenye vikao. Ukishika simu hata kama unaandika pointi za kikao watu wanajua unachati, na ukweli meseji ikiingia utaisoma tu. Ukiwa na kaunta buku mezani unasikiliza, na hata anayeongea anaona unamsikiliza. Hakuna notifikesheni, hakuna chaji, umeme ukikatika unaendelea. Pale masijala kwetu kuna mama mmoja, shikamoo yake iko palepale, ukimuuliza barua fulani iliingia lini anafungua kaunta buku yake na kidole kinashuka kwenye mistari mpaka kinasimama penyewe, tarehe, imetoka wapi, nani kaichukua. Kwangu mimi ule ndo utulivu wa kazi, kila kitu kina sehemu moja na mtu anajua ni wapi.

Mapungufu yapo. Karatasi za nyingi ni nyepesi, kalamu ya jeli inatokea upande wa pili mpaka huwezi kuusoma, tumia Bic ya kawaida. Haikukumbushi kitu, kwa hiyo miadi yenye saa bado naweka alamu kwenye simu. Huwezi kutafuta neno kama kwenye kompyuta, mi nimetenga kurasa za mwisho naandika majina ya masapulaya na namba za kurasa walipo. Na ikipotea imepotea, ndo maana Ijumaa jioni napiga picha kurasa za wiki nzima. Pia kama mko watu wengi kwenye kazi moja hii haiwafai peke yake, oda za ofisi yetu ziko kwenye Excel na zitabaki huko, kaunta buku ni ya kichwa changu mimi, niamue leo nafanya nini na nini nakiacha.

Ukienda kununua usiangalie kava peke yake. Fungua katikati ya kila fungu la karatasi utafute uzi. Ya uzi inalala wazi mezani bila kuikandamiza na majani hayatoki, ya gundi tupu inaanza kumwaga karatasi mapema hata hujafika nusu. Halafu ivalishe nailoni kama tulivyokuwa tunavalisha madaftari ya shule, maana masika kona za kava zinalowa na kuchanua. Bei inatofautiana duka na duka ila hata ile ya uzi haifiki hela ya bando lako la mwezi.