Nilianza chuo cha Kikristo, nikahamia chuo cha jimbo: uzoefu wangu wa kusoma uhasibu mtandaoni Texas

Nilipomwambia mama kwamba narudi shule, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, hicho chuo kina mchungaji?" Yuko Tukuyu, Mmoravian asiyekosa ibada hata mvua ikinyesha ya kuvunja migomba. Nilimwelewa. Na mimi ndivyo nilivyotaka. Kwa hiyo mwaka 2023 nilianza shahada ya uhasibu kwa njia ya mtandao kwenye chuo cha Kikristo hapa Texas, na Januari 2024 nikahamia chuo cha serikali ya jimbo. Vyuo vyote viwili sivitaji majina, kwa sababu kila kimoja kina jambo lililoniumiza.

Niko Houston tangu 2019. Nabeba boksi ghalani zamu ya mchana, nina mtoto mmoja, nasoma usiku akishalala. Nyumbani nilikuwa na diploma ya uhasibu ya CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) Dar es Salaam, na nilishika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi Gerezani miaka minne. Baada ya kufika huku nilisoma kwanza chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili), nikamaliza masomo ya msingi, krediti 42; somo moja kwa kawaida ni krediti 3. Hizo 42 ndizo zilizoamua mambo mengi baadaye.

Sheria ya Texas iko hivi: ukimaliza kifurushi chote cha masomo ya msingi kwenye chuo kimoja cha umma, chuo kingine cha umma cha jimbo hilo lazima kikipokee kizima. Chuo binafsi hakilazimiki. Mimi sikuuliza. Dada wa udahili wa chuo cha Kikristo alikuwa mchangamfu, alinipigia mara tatu kwa wiki, akaniambia "krediti zako zitahamia." Nilipokwisha kujisajili ndipo barua ikaja: zimepokelewa 30. Kumi na mbili zimepotea, yaani masomo manne niliyoyalipia na kuyakeshea. Juu yake zikaongezwa kozi mbili za Biblia, krediti 6. Kozi za Biblia sizilalamikii hata kidogo, ile ya Agano la Kale niliipenda sana. Ninacholalamikia ni kwamba jambo hili nilipaswa kuambiwa kabla sijasaini, kwa maandishi.

La pili lilikuwa ada. Krediti moja pale ilikaribia mara mbili ya bei ya chuo cha jimbo kwa mkaazi aliyetimiza miezi 12 Texas. Niliambiwa nisihofu, kuna ruzuku ya jimbo kwa wanaosoma vyuo binafsi, inaitwa TEG. Ni kweli ipo, na inasaidia watu wengi. Lakini inataka usome angalau robo tatu ya mzigo wa mwanafunzi kamili, yaani krediti 9 kwa muhula, na mimi kwa zamu za ghalani nilikuwa nimechukua 6. Nikaikosa. Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, nilipata (wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi tunaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo), ila nayo hupungua kadiri masomo yanavyopungua.

Sasa niseme lililo jema, kwa sababu ni jema kweli. Mwalimu wangu wa uhasibu pale alikuwa mkaguzi mstaafu. Wiki ya tano tulipewa zoezi la stoku kwa njia ya LIFO, ile ambayo mzigo ulioingia mwisho unahesabiwa umetoka kwanza. Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba njia hiyo hairuhusiwi, nikafanya kwa FIFO, ambayo ulioingia kwanza ndio unaohesabiwa umetoka kwanza. Nikapata sifuri. Mwalimu hakuishia hapo. Jumapili mchana alinipigia simu, akaniuliza nilisoma wapi. Nilipomwambia Tanzania, akaelewa mara moja: kwetu tunafuata viwango vya kimataifa vya IFRS tangu 2004, na IFRS inakataza LIFO, wakati viwango vya Marekani vinairuhusu. Tukakaa kwenye simu dakika 40. Nikamwambia mimi nafahamu saruji, basi akatumia saruji. Mifuko 100 umenunua kwa dola 10, mingine 100 kwa dola 12, umeuza 100. Kwa FIFO gharama ya ulichouza ni dola 1,000, kwa LIFO ni 1,200. Bei zikipanda, LIFO inapunguza faida kwenye vitabu, na kodi inapungua nayo. Akanipa orodha ya tofauti nyingine, mojawapo kwamba huku huruhusiwi kupandisha thamani ya jengo vitabuni kama tulivyozoea. Orodha hiyo bado nimeibandika ukutani juu ya meza.

Novemba mjomba wangu alipofariki, mchungaji wa chuo alipiga simu akaomba pamoja nami. Mama aliposikia alilia.

Pamoja na hayo yote nilihama, kwa sababu nilipiga hesabu. Lengo langu ni CPA, leseni ya mhasibu wa umma, sio cheti tu cha kuning'iniza. Bodi ya wahasibu ya Texas inakubali ukae kwenye mtihani wa CPA ukiwa na krediti 120, lakini inadai pia kozi ya maadili ya krediti 3, na kozi yenyewe iwe imeidhinishwa na bodi. Niliwaandikia ofisi ya masomo ya chuo cha Kikristo wanieleze yao imeidhinishwa au la, nikapata majibu matatu yasiyofanana. Chuo cha jimbo kilijibu siku ileile, na namba ya kozi. Krediti zangu 42 zikapokelewa zote, hata Agano la Kale likahesabiwa kama somo la hiari.

Chuo cha jimbo hakijanipigia simu hata mara moja. Darasa la uhasibu wa gharama tulikuwa zaidi ya 80, maswali unaandika kwenye jukwaa na msaidizi anakujibu akipata nafasi. Mitihani inasimamiwa na kamera. Usiku mmoja mwanangu aliamka na homa, akaja kuegemea bega langu katikati ya mtihani. Programu ikaripoti kuna mtu wa pili chumbani, alama zangu zikazuiwa. Nikatuma maelezo, nikasubiri siku sita nikiwa sili vizuri. Walizirudisha, bila neno la pole.

Kama huna krediti za kuhamisha, unaweza kubeba 9 kwa muhula, na unahitaji mtu wa kukushika mkono, chuo cha Kikristo kitakufaa kuliko kilivyonifaa mimi. Ila kabla ya kusaini omba karatasi tatu: tathmini ya krediti zako, bei ya shahada nzima na sio ya muhula, na jina la kozi ya maadili lililo kwenye orodha ya bodi. Vyuo vyote viwili vina ithibati ya SACSCOC, taasisi inayothibitisha ubora wa vyuo vya kusini mwa Marekani, hilo mtu asikutishe nalo.

Leo nina krediti 102. Muhula ujao ni ukaguzi na hiyo kozi ya maadili. Mtihani wa kwanza wa CPA nitakaokalia ni FAR, sehemu ya uhasibu na taarifa za fedha, kwa sababu stoku zimo, na stoku nazijua.